Shimo Lina Mwenyewe

Tarehe 9 Novemba 2010, fundi wa kuchomelea aliyekuwa akifanya kazi ya mkataba alikuwa juu ya tangi katika kiwanda cha Yerkes cha kampuni ya DuPont, kando ya mto Niagara, katika mji wa Tonawanda unaopakana na Buffalo, Marekani, upande wa kaskazini. Kibali cha kazi ya moto kilikuwa kimeshasainiwa. Hewa ya nje, pale juu alipokuwa akifanyia kazi, ilikuwa imepimwa na kuonekana salama. Hewa ya ndani haikupimwa. Tangi lenyewe lilikuwa limesimamishwa kwa matengenezo, lakini bomba la kufurikia liliendelea kuliunganisha na tangi la jirani lililokuwa limerudishwa kazini, na humo gesi ya vinili floraidi, inayowaka upesi, ilipita na kujikusanya kimya kimya. Moto wa kuchomelea ukaikuta. Tangi likalipuka, fundi akafa papo hapo, na msimamizi wake akajeruhiwa. Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani, iliyotoa ripoti yake mwaka 2012, ilieleza kwamba waliosaini kibali hawakuwa na ujuzi wa kutosha kuhusu hatari iliyokuwa ndani ya tangi lile. Mapema mwaka 2010 bodi hiyo hiyo ilikuwa imeshatoa waraka wa kuonya kuhusu kazi za moto kwenye matangi, ikihesabu vifo zaidi ya 60 vya namna hiyo tangu mwaka 1990.

Mbele ya kifo kama hiki watu wa dini, wawe Waislamu au Wakristo, wana neno lililo karibu na ulimi: siku yake ilifika. Waswahili tumelitilia neno hilo nguvu kwa methali. Liandikwalo ndilo liwalo. Ajali haina kinga. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Maneno haya yana kazi yake matangani, kwa sababu humpa mfiwa mahali pa kuegemea. Lakini yakitoka matangani yakaingia ofisini kwa mwajiri hubadilika, yakawa hati ya kumfutia deni aliye hai. Swali ninalotaka kulipima hapa ni hili: mtu anapokufa ndani ya tangi, kisima, mtaro wa maji taka au kihenge cha nafaka, je, kifo hicho ni kudura tu, au kuna anayedaiwa? Buffalo inafaa kuliulizia swali hili. Ndiko Joseph Dart alikojenga mwaka 1842 ghala la kwanza la kupandisha nafaka kwa nguvu ya mvuke, na mji ukazungukwa na vihenge virefu kama minara. Ndiko vilikofuata viwanda vya kemikali ukingoni mwa Niagara. Na ndiko walikopata makazi, miaka hii ya karibuni, wakimbizi wengi kutoka Kongo, Burundi na Somalia, watu ambao kazi ngumu za mikono si ngeni kwao. Hoja yangu ni kwamba hewa ya shimo ina mwenyewe, na mwenyewe ni yule aliyelifungua shimo na kumtuma mwingine ndani.

Kwanza tuielewe hewa yenyewe, maana hukumu yote inasimama juu yake. Hewa tunayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21. Kanuni ya Marekani ya kazi katika sehemu finyu, iliyotolewa mwaka 1993 na mamlaka ya usalama kazini, OSHA, inahesabu hewa kuwa ya hatari oksijeni ikishuka chini ya asilimia 19.5 au ikipanda juu ya asilimia 23.5. Tofauti ni ndogo mno na pua haiitambui. Kutu peke yake hula oksijeni ya tangi la chuma lililofungwa kwa muda mrefu, na vijidudu vinavyoozesha taka hufanya vivyo hivyo shimoni. Tena kinachotufanya tutwete si upungufu wa oksijeni hasa, bali ni kulundikana kwa kaboni dayoksaidi mwilini. Kwa hiyo aliyeingia katika tangi lililojaa naitrojeni hujiona mzima, huendelea kupumua kama kawaida, kisha huanguka bila hata kuita. Haidrojeni salfaidi ya mashimo ya choo ina hila zaidi. Ikiwa kidogo hunuka kama mayai viza, lakini ikikaribia sehemu 100 katika milioni hufisha uwezo wa kunusa, na aliye ndani hudhani uvundo umekwisha kumbe umezidi. Si ajabu wazee wa pwani walisema kisima fulani kina mwenyewe, wakimaanisha jini. Walikuwa wameona jambo la kweli, kwamba mtu mzima mwenye nguvu huteremka na hapandi tena, wala mwilini mwake hapaonekani jeraha. Walichokosa ni jina la yule mwenyewe.

Jina hilo lilitafutwa zamani sana. Sheria ya Musa, katika kitabu cha Kutoka, inamtaka mtu aliyefungua au kuchimba shimo bila kulifunika amlipe mwenye ng'ombe au punda aliyetumbukia humo akafa. Katika karne ya 3, huko Babeli, wanazuoni wawili wa Kiyahudi, Rav na Shmuel, walibishana kuhusu sababu ya malipo hayo, na mabishano yao yamehifadhiwa katika Talmudi, sehemu iitwayo Bava Kamma. Mnyama ameuawa na nini: kishindo cha kuanguka, au hewa mbaya ya shimo? Rav alisema mchimbaji analipia hewa, halipii kishindo. Shmuel alisema analipia hewa, na kishindo zaidi. Wafafanuzi wanaeleza fikra ya Rav hivi: ardhi inayompiga mnyama ni ardhi ya dunia, haikutengenezwa na mchimbaji, lakini hewa nzito iliyotuama mle ndani haikuwapo kabla hajachimba. Hewa hiyo ni tendo lake. North Buffalo, kando ya barabara ya Hertel, palikuwa kitovu cha maisha ya Wayahudi wa mji huo katikati ya karne ya 20, na umbali kutoka hapo hadi kiwanda cha Yerkes ni mfupi. Mtu akiibeba hukumu ya Rav kwa mwendo huo mfupi, ataona inalivaa tangi lile kana kwamba ilishonwa kwa ajili yake. Gesi iliyoua haikuletwa na mvua wala upepo. Ilitoka katika kazi ya kiwanda, ikapita katika bomba la kiwanda, ikatuama ndani ya tangi la kiwanda.

Msomaji anayeijua sheria hiyo atanipinga kutoka ndani yake. Marabi walishikilia kwamba andiko limetaja mnyama na si binadamu, na kwamba hata ng'ombe mzima mwenye macho yake, akitumbukia mchana kweupe, mchimbaji halipi, kwa sababu ng'ombe wa namna hiyo hutazama anapokanyaga. Kama ng'ombe anatakiwa kujiangalia, si zaidi binadamu mwenye akili? Pingamizi hili ni zito, lakini litazame limesimama juu ya nini. Limesimama juu ya macho. Anayeona shimo na kulikanyaga amejitakia, kwa kuwa alikuwa na njia ya kujua. Hewa mbaya haina rangi ya kuonekana mchana wala usiku, na nyingine haina hata harufu. Mbele yake mtu mwenye akili timamu ni sawa na kipofu. Basi kanuni ile ile iliyomwachia huru mchimbaji ndiyo inayomrudisha kizimbani: mzigo wa tahadhari hubebwa na aliye na uwezo wa kujua. Na ndani ya kiwanda, anayejua kilichopita katika bomba, tangi lilibeba nini jana na limeunganishwa na nini leo, ni mwenye kiwanda. Fundi wa mkataba aliyefika asubuhi na mashine yake ya kuchomelea hana njia ya kuyajua hayo asipoambiwa.

Sasa turudi kwenye kudura, maana kwa wengi hapo ndipo mlango unapofungwa. Muumini anasema: Mungu ameandika ajali ya kila kiumbe, na kipima gesi hakiwezi kuisogeza hata kwa dakika moja. Sina ugomvi na imani hiyo. Ugomvi wangu ni na matumizi yake. Khalifa Umar alipokuwa njiani kuelekea Sham (Syria) akasikia tauni imeingia huko, aliamua kurudi na watu wake. Sahaba Abu Ubayda alimuuliza kama anaikimbia kudura ya Mungu, naye akamjibu kwamba anatoka katika kudura moja kwenda katika kudura nyingine. Mapokeo mengine mashuhuri yanamweleza Mtume akimwagiza Bedui amfunge ngamia wake kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Tafsiri ya haya ni nyepesi: kudura ni elimu ya Mungu kuhusu yatakayokuwa, na sisi hatukupewa elimu hiyo, tulipewa amri. Atakayesema kwamba siku ikifika imefika, na kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa, ajiulize kuhusu muuaji wa panga. Aliyekatwa kwa panga naye siku yake ilikuwa imefika. Mbona basi dini zote zinamhukumu muuaji? Kwa sababu siku ya kufa ni ya Mungu, na mkono ulioshika panga ni wa mtu. Tajiri anayesema ajali haina kinga hulifunga sanduku lake la fedha kwa kufuli mbili, wala hasemi kwamba kuibiwa kumeandikwa. Imani inayofunga fedha na kuacha wazi tangi haijamtegemea Mungu bado. Imechagua tu kitu cha kukithamini.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, kwa kuwa linatoka katika hadithi sahihi. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba madhara ya kisima na ya mgodi ni jubari, yaani hayana fidia. Imam Nawawi, mwanachuoni wa Kishafii ambaye kitabu chake Minhaj kimefundishwa kwa karne nyingi pwani yetu, ameeleza katika sherehe yake ya Muslim kwamba mtu akichimba kisima katika milki yake na mwingine akatumbukia, au akamwajiri mchimbaji na kisima kikamporomokea, hakuna dhamana. Je, hili halivunji hoja yangu yote? Halivunji, ukisoma hadi mwisho. Nawawi huyo huyo anasema aliyechimba kisima katika njia ya watu, au katika ardhi ya mwingine bila idhini, atadhamini kilichoangamia humo. Kumbe hukumu haikujengwa juu ya kisima, ilijengwa juu ya kuvuka mpaka. Pasipo kosa hapana fidia, na penye kosa fidia ipo. Kilichobaki ni kuuliza kosa ni nini katika zama zetu. Mchimba visima wa kale alikuwa ndiye bingwa wa shimo, akijua udongo kuliko yule aliyemlipa. Leo mwenye tangi ndiye mwenye michoro, kumbukumbu na vipimo. Kumficha mwajiriwa hatari unayoijua, au kukataa kuijua wakati kifaa cha kuijulia kipo, ni kuvuka mpaka zaidi ya kuchimba njiani, maana mpita njia angeweza kuliona shimo. Na juu ya mlango wote huu wa fikihi imesimama kanuni kwamba madhara hayaruhusiwi, yawe ya kuanzisha au ya kulipiza.

Wako watakaosema mfanyakazi alikubali. Alijua kazi ni ya hatari, akataka ujira, akateremka kwa miguu yake. Dar es Salaam na Nairobi wapo vijana wanaotapisha vyoo kwa ndoo na koleo, wengine wakiingia shimoni mwili mzima. Watu huwaita vyura, na hufanya kazi usiku ili wasionekane. Mererani, kwenye migodi ya tanzanite, wachimbaji waitwao wanaapolo huteremka mamia ya mita wakipokewa na joto na moshi wa baruti. Hakuna aliyewafunga kamba na kuwasukuma. Lakini ridhaa ina sharti lake, nalo ni kujua unachoridhia. Aliyekubali kuchafuka hakukubali kukosa pumzi, na aliyekubali hatari kwa jumla hakuikubali gesi ambayo hakuambiwa kwamba ipo. Zaidi ya hapo, njaa ni msaini mbaya wa mikataba. Tunasema mchimba kisima huingia mwenyewe, tukitaraji ubaya umrudie mwenye kuutenda. Methali hiyo ina haki katika kijiji ambamo kila mtu huchimba shimo lake. Katika uchumi wa ujira imepinduka: mmoja huchimba, mwingine huingia, na kinachomteremsha ni bei ya unga. Ndiyo maana Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya Tanzania ya mwaka 2003, na ile ya Kenya ya mwaka 2007, zimeuweka wajibu wa kwanza mabegani mwa mwajiri. Sheria hizo hazimdharau mfanyakazi kana kwamba ni mtoto. Zinakiri kwamba uhuru wake ulikuwa umeshapungua kabla hajafika kwenye mdomo wa shimo.

Limebaki jambo linalouma zaidi katika mada hii, nalo ni upendo. Mtu mmoja huanguka shimoni, ndugu yake au mwenzake wa kazi anamwona, anaruka ndani kumtoa, naye anaanguka juu yake, kisha wa tatu. Mwaka 1986 Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani, NIOSH, ilitahadharisha kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika sehemu finyu walikuwa wamekwenda kuokoa. Katika uchunguzi wake wa baadaye kiwango kilionekana kuwa asilimia 36, na hata hicho ni zaidi ya theluthi moja. Ndiyo sababu ile kanuni ya OSHA ya mwaka 1993 inamtaka mtu wa kusimama mlangoni wakati wote mwenzake akiwa ndani, na inamkataza kuacha nafasi yake na kuingia. Mkristo anaweza kuiona kanuni hii kuwa baridi, kwa kuwa Injili inamsifu anayetoa uhai wake kwa ajili ya rafiki. Mwislamu naye anajua kwamba kuokoa nafsi moja kumehesabiwa kama kuokoa watu wote. Lakini anayeruka bila hewa hakumwokoa yeyote. Ameongeza jeneza. Sifa ya kujitoa mhanga haikutolewa ili tuwaandalie watu mahali pa kujitoa mhanga. Upendo ulio kamili hufika kabla ya ajali: umepima oksijeni, kisha gesi za kuwaka, kisha sumu, umeweka feni ya kusukuma hewa, umemvisha anayeingia mkanda wa mwili uliofungwa kwenye kamba na mashine ya kumvutia juu, umemwacha mmoja mlangoni asiyeruhusiwa kuwa shujaa. Anayehesabu ushujaa wa waokoaji na asihesabu uzembe uliowalazimu kuokoa amewasifu wafu ili kuwafunika walio hai.

Mwisho kuna hoja ya umaskini. Kipima gesi ni ghali, mashine ya kumvutia mtu juu ni ghali, na anayetapisha choo cha jirani hana hata glavu. Je, si dhuluma kumbebesha mchimba kisima wa kijijini viwango vya Tonawanda? Wajibu hupimwa kwa uwezo, hilo ninakubali. Lakini mkasa wa Yerkes unatukataza kudhani kwamba ni fedha ndizo zilizokosekana. Kiwanda kilikuwa na vipimo, kilikuwa na wahandisi, kilikuwa na fomu. Hewa ilipimwa hatua chache kutoka mahali ilipopaswa kupimwa. Kilichopungua ni mtu mmoja wa kuuliza ndani mna nini. Swali hilo halina bei, na anayelipa laki kutapisha choo anaweza kuliuliza sawasawa na meneja wa kiwanda. Tena njia salama kuliko zote ni kutomwingiza mtu kabisa. Dar es Salaam imetumika pampu ya mkono iitwayo Gulper, inayovuta kinyesi kutoka juu huku fundi akisimama nje, na penye barabara gari la kunyonya maji taka hufanya kazi hiyo bila mtu kuteremka. Taa ya kuteremshwa kisimani, ambayo wengi wanaiamini, haitoshi: huzimika oksijeni ikipungua sana, lakini haisemi lolote kuhusu sumu, na penye gesi ya kuwaka inaweza kuwa yenyewe cheche. Maskini hana kila kifaa, lakini bado ana neno la kukataa, na sisi wenye mashimo tuna wajibu wa kulipokea neno hilo bila kumtafuta mwingine mwenye njaa zaidi.

Basi hukumu yangu ni hii. Kifo ni cha Mungu, lakini hewa ya shimo ni ya aliyelifungua, na kumwachia Mungu deni lako si kumtukuza. Mkimzika aliyekosa hewa, semeni kwamba siku yake ilifika, mmfariji mama yake kwa maneno hayo, kisha mtoke makaburini mwende kumuuliza mwenye shimo ni nani aliyepima hewa ya ndani. Imamu na mchungaji wasiishie kwenye sala ya maiti. Wamuulize swali hilo mwajiri aliyekaa safu ya mbele. Nawe msomaji, ukiwa na kisima, choo, tangi la maji, kihenge au mtaro, jua kwamba shimo lako lina mwenyewe, naye ni wewe. Kama huwezi kuijua hewa iliyomo, usimteremshe mtoto wa mwenzio.